Njia ya Ukomando kwa Kijana wa Kisegi

Hakuna anayesajiliwa ukomando moja kwa moja kutoka kwao. Jeshi la Kenya, KDF, huchuja makomando kutoka miongoni mwa askari wake lenyewe. Kwa hivyo wewe wa Kisegi, ufuoni mwa Ziwa Victoria, unayekitamani kikosi cha 20 cha askari wa miavuli, au kile cha 40 Ranger Strike Force, una milango miwili mbele yako: usajili wa makurutu, kisha mchujo wa ndani.

Hatua ya 1: Karatasi

Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka kitambulisho, umri wa miaka 18 hadi 26, urefu wa futi 5 na inchi 3, uzito wa kilo 54.55 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, na angalau D ya KCSE. Masharti hubadilika, kwa hivyo soma tangazo la mwaka wako. Usajili haulipiwi hata shilingi. Anayekuambia uuze ng'ombe wa baba ili akupenyeze ni tapeli, na mtoa hongo hukamatwa sawa na mpokeaji.

Hatua ya 2: Miguu

Vijana wengi hujiandaa kwa pushapu na mbio fupi. Si vibaya, lakini kinachowaangusha watu kwenye mchujo ni mzigo mgongoni. Vilima vya Gwassi unavyo, tena bure. Tia kilo 10 za mchanga ndani ya begi, uufunge vizuri usichezecheze, uzito ukae juu karibu na mabega. Panda kwa mwendo wa haraka ila usikimbie, maana kukimbia na mzigo huua magoti. Mara moja kwa wiki inatosha mwanzoni. Siku nyingine kimbia bila mzigo. Ongeza kilo mbili kila baada ya wiki mbili au tatu.

Kisigino kikianza kuchoma, simama papo hapo. Vua kiatu, kausha mguu, badilisha soksi, bandika plasta kabla lengelenge halijajaa maji. Anayeona haya kusimama dakika mbili atachechemea wiki nzima.

Anza alfajiri. Julai 2013, askari watatu wa akiba wa Uingereza walikufa kutokana na joto wakiwa kwenye mchujo wa SAS, kikosi maalumu cha nchi hiyo, katika milima ya Wales, nchi ya baridi! Kichwa kikizunguka au mwenzako akianza kuropoka, tueni mzigo, ingieni kivulini, mmwagieni maji. Joto haliogopi ushujaa.

Hatua ya 3: Maji

Kuzaliwa ufuoni si kujua kuogelea. Wapo wavuvi wazoefu wasioweza. Jifunze na anayejua, ukiwa na jaketi la kuokolea na mtumbwi kando yako, mbali na matete wanakojificha viboko na mamba. Ziwa Victoria lina kichocho, basi pimwa hospitalini na unywe dawa ukikutwa nacho.

Hatua ya 4: Ukuruta

Ukichaguliwa utapelekwa shule ya makurutu, Eldoret. Tii, jifunze silaha, usiwe na kesi. Ukomando subiri, kwanza uwe askari.

Hatua ya 5: Mchujo wenyewe

Chukua mfano wa nje: makomando wa majini wa Marekani wana wiki waiitayo ya jehanamu: siku tano na nusu, usingizi wa saa nne hivi kwa jumla. Wengi wanaotoka hawafukuzwi na mtu. Huomba wenyewe, baridi na usingizi vikishawashinda. Kwa hiyo usihesabu siku zilizobaki. Jiwekee lengo la kufika mlo unaofuata tu, kisha mwingine. Na usinung'unike: mwenzako akielemewa, mpokee mzigo, kwani wakufunzi wanatafuta mtu wa kwenda naye vitani, si bingwa wa mbio.

Wengi hushindwa. Ukirudishwa kwenye kikosi chako hujafukuzwa jeshini. Ungali askari, na mshahara wako uko pale pale.