Warangi na rangi za mapangoni

Swali: Mimi ni kijana wa Kolo, Kondoa. Je, sisi Warangi tumeitwa hivyo kwa sababu ya rangi za michoro ya mapangoni?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Neno “rangi” asili yake ni Kiajemi, “rang”, na Wahindi nao wanalo. Ninyi kwa lugha yenu mnajiita Valaangi, kwa l na a ndefu. R ni ya Kiswahili. Michoro myekundu ya twiga na watu wembamba, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, huhusishwa na wawindaji waliowatangulia. Lakini itazame ile myeupe, minene, iliyopakwa juu yake: hiyo huhusishwa na wakulima wa Kibantu, na huenda mkono wa babu zako umo.