Kukoroga si Kuchanganya: Somo la Maji kutoka Konyo Konyo

Somo letu ni la fizikia, ila linaanzia sokoni Konyo Konyo, Juba, kwa mama wa chai. Ameweka sukari chini ya glasi, kamimina chai, kakupa kijiko. Tuseme hukitumii, na maji yametulia kabisa. Sukari iliyoyeyuka chini itapanda kwa mwendo wa molekuli zake tu. Muda wake hupatikana kwa kuchukua kimo kipeo cha pili, kisha kugawanya kwa mara mbili ya kipimo cha mtawanyiko, ambacho kwa sukari majini ni karibu 5 × 10⁻¹⁰ m² kwa sekunde. Kwa kimo cha sentimita 5 jibu ni siku 29 hivi. Chai imeshachacha!

Kijiko, basi, kinafanya nini? Mwaka 1948 Carl Eckart alitenganisha kazi mbili ambazo Kiswahili tayari kinazipa maneno mawili. Kukoroga ni kuvuta na kukunja majimaji mpaka tabaka ziwe nyembamba. Kuchanganyika ni kazi ya molekuli baada ya hapo. Kila mkunjo ukipunguza unene kwa nusu, mikunjo 10 inafikisha sentimita 5 kwenye 0.05 ya milimita. Na kwa kuwa muda unafuata kipeo cha pili cha unene, siku 29 zinakuwa sekunde mbili na nusu.

Sasa tuondoe kimo, tubaki na pande mbili tu, kama maji membamba kwenye sinia. Hapa kuna mtego. Mkondo wa pande mbili usiobadilika na wakati hauwezi kukoroga vizuri. Kila tone limefungwa kwenye mstari wake, na mistari hiyo haikatani. Ukizungusha kijiko mahali pamoja kwa mwendo uleule, rangi inajipanga kuwa pete, na pete zinakonda polepole mno.

Aliyeonyesha njia ya kutoka ni Hassan Aref, mzaliwa wa Alexandria, Misri, mwaka 1950. Katika makala yake ya 1984 alichukua vizungushi viwili vilivyoachana, kimoja kikifanya kazi huku kingine kimepumzika, kwa zamu. Basi. Kwa zamu hiyo tu, matone mawili yaliyokuwa jirani yanaachana kwa kuzidishana, na njia ya tone haitabiriki mbali, ijapokuwa kanuni inayoliendesha ni nyepesi. Anayekanda unga wa chapati anaifanya kila asubuhi: anavuta, anakunja, anageuza upande.

Mto Nile unaopita Juba nao ni sinia refu. Upana wake ni mara nyingi zaidi ya kina, kwa hiyo maji ya juu na ya chini huchanganyika mapema, lakini ukingo na ukingo huchelewa sana. Chukua mto wa mfano wenye upana wa mita 200, kina cha mita 3 na kasi ya mita 1 kwa sekunde. Kipimo cha kuchanganyika kwa upana kitakuwa karibu 0.13 m² kwa sekunde. Umbali wa kuchanganyika kwa kitu kilichomwagwa ukingoni ni 0.4 × kasi × upana kipeo cha pili, gawanya kwa kipimo hicho: zaidi ya kilomita 120. Kona na visiwa huufupisha, lakini picha ni ileile. Uchafu wa mtaro unatembea umeshikamana na ukingo wake.

Na maboza ya maji yanavuta wapi? Ukingoni. Kwa hiyo ile kauli kwamba mto ni mkubwa, uchafu unapotea, haimfai anayekunywa. Swali la kumuuliza dereva ni ukingo upi, na ni juu au chini ya mtaro.

Hesabu hiyohiyo inaeleza zile picha za Khartoum, Nile Nyeupe na Nile ya Buluu zikienda bega kwa bega na mstari katikati. Baadhi yetu huzisambaza pamoja na Al-Furqan aya ya 53. Tuwe waangalifu: aya inataja maji matamu na ya chumvi, na Nile zote mbili ni tamu. Isitoshe, mbele zaidi kuelekea kaskazini mstari huo hupotea. Tafsiri tuwaachie wanazuoni.

Kwa maji ya pipa: kwanza yatuame, hata kwa shabu, kwa sababu tope hula klorini. Ukishatia dawa, koroga huku ukihamisha mahali pa mti na kugeuza mwelekeo, kisha subiri dakika 30.

Zoezi: mimina shira nzito kwenye sinia, dondosha tone la wino. Zungusha kijiko mahali pamoja mara 20. Rudia kwa shira mpya, safari hii mizunguko 5 kushoto, 5 kulia, kwa zamu, mpaka itimie 20. Chora ulichoona katika kila sinia.