Jinsi ya Kuchunguza Madoa ya Nyota ya Mbali Ukiwa Omate

Karibu nyota zote, hata zikitazamwa kwa darubini kubwa, huonekana kama nukta tu. Huwezi kuitazama nukta na kuona doa juu yake. Lakini nyota ikiwa na sayari inayopita kati yake na sisi, sayari hiyo hutusaidia kuyapata madoa na kuyapima. Kazi hii inawezekana kabisa kwa mwalimu wa fizikia au mwanafunzi wa sekondari aliyeko Omate, kwenye machimbo ya dhahabu ya Walikale, Kivu, kwa sababu vipimo vimekwisha kuchukuliwa angani na vinatolewa bure. Mawingu ya Walikale hayatakuzuia.

Anza na Jua, kwa sababu ndiyo nyota pekee ambayo madoa yake utayaona wazi bila shida. Usilitazame Jua moja kwa moja, na kamwe usilitazame kupitia darubini: utapofuka. Chukua darubini ya macho mawili, ziba upande mmoja, ielekeze juani, na uache mwanga utue kwenye karatasi nyeupe iliyo kivulini. Chora duara, weka alama kwa penseli kila penye doa, andika tarehe na saa. Fanya hivyo asubuhi, ukungu ukishaondoka na Jua likiwa bado upande, maana huku karibu na ikweta adhuhuri linakuwa utosini na karatasi inasumbua kuishika. Kila siku rudia saa ileile. Utaona madoa yakisogea upande mmoja, kisha yakizama ukingoni, kwa sababu Jua linajizungusha. Likitazamwa kutoka duniani hukamilisha mzunguko kwa siku 27 hivi. Doa ni jeusi kwa sababu lina joto pungufu: uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, na katikati ya doa huwa pungufu kwa nyuzi elfu moja na zaidi. Usiharakishe hatua hii. Asiyewahi kufuata doa kwa mkono wake atapata taabu kulitambua kwenye grafu.

Sasa twende kwa nyota ya mbali. Sayari inapopita mbele yake, mwanga hupungua, na grafu huchora bonde. Sayari ikipita juu ya sehemu safi, inaziba mwanga mwingi. Ikipita juu ya doa, inaziba sehemu ambayo tayari ilikuwa hafifu, kwa hiyo mwanga unaopotea ni mdogo zaidi, na ndani ya bonde huchomoza nundu ndogo. Dakika ya nundu hukuambia doa liko wapi. Upana wake hukuambia sayari ilichukua muda gani kulivuka. Urefu wake hutegemea ukubwa wa doa na weusi wake kwa pamoja, kwa hiyo usikimbilie kusema doa ni kubwa.

Chagua nyota vizuri. Watanzania mwaka 2019 waliipa nyota WASP-71 jina la Mpingo, na sayari yake wakaiita Tanzanite. Najua utavutiwa nayo, lakini usianzie hapo: Mpingo ina joto kuliko Jua na kipenyo chake ni zaidi ya mara mbili ya cha Jua, na sayari hupunguza mwanga wake kwa nusu asilimia hivi tu. Anza na Qatar-2, nyota ndogo ya rangi ya chungwa iliyopatikana kuwa na sayari kupitia mradi wa Qatar. Sayari yake huizunguka kwa siku 1.34, hupita mbele yake kwa saa 1.8 hivi, na huziba zaidi ya asilimia mbili ya mwanga. Darubini ya Kepler iliipima mwaka 2015, katika awamu ya 6 ya kazi iliyoitwa K2.

Mtandao ukiwa mgumu Omate, pakua faili za vipimo vya Qatar-2 siku utakapofika Goma. Weka pia programu ya bure iitwayo Lightkurve, inayotumia lugha ya Python, kisha rudi na kila kitu kwenye flashi. Chagua vipimo vya dakika moja moja. Vile vya nusu saa hufuta nundu. Hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni amri ya kunyoosha grafu: ukiitumia bila kwanza kuficha mabonde, programu itaharibu umbo la bonde na nundu pamoja. Hifadhi grafu ghafi kando, maana mawimbi yake ya polepole ndiyo yanayoonyesha nyota inavyojizungusha. Mtego wa pili ni Kepler yenyewe: wakati wa K2 ilikuwa ikiyumba na kujirekebisha kila baada ya saa 6 hivi. Nundu inayoangukia dakika hizo, itilie shaka.

Nundu moja haitoshi kuwa ushahidi. Lazima irudi, na irudi pale inapotakiwa. Piga hesabu: Qatar-2 hujizungusha kwa siku 18 hivi. Gawanya 360 kwa 18, zidisha kwa 1.34, unapata nyuzi 27. Maana yake doa lililokuwa katikati ya nyota litakuwa limesogea nyuzi 27 sayari itakapopita tena, na nundu itachelewa kwa dakika 20 hivi kuelekea mwisho wa bonde. Chapisha mabonde matano yanayofuatana, yapange moja chini ya lingine, na utazame kama nundu inahama hivyo. Ikihama, umelipata doa, na umepata na jambo jingine: sayari inapita sambamba na ikweta ya nyota yake, ndiyo maana inalikuta doa lilelile. Kwa nyota HAT-P-11 mambo ni tofauti. Sayari yake hupita karibu na ncha za nyota, hivyo nundu hujikusanya sehemu mbili tu za bonde, kila moja ikionyesha ukanda wa madoa kila upande wa ikweta. Ipeleke huko kazi yako ukishaimudu Qatar-2.

Nyota yetu nayo hupitiwa na sayari: tarehe 13 Novemba 2032 sayari ya Utaridi itapita mbele ya Jua, na kutoka Kivu itaonekana kuanzia saa tatu kasorobo hivi asubuhi hadi saa saba mchana, anga likiwa wazi. Kwa siku hiyo tafuteni darubini inayokuza angalau mara 50 na mtupe picha ya Jua kwenye karatasi kama mlivyozoea. Utaridi ni duara dogo jeusi lenye ukingo mkali; doa lina ukingo wa kijivu. Walimu wa Walikale na Masisi, anzeni michoro ya Jua na wanafunzi wenu mwezi huu.