Fumbo Lenye Milango Miwili: Kufumbua Chemshabongo ya Ziwani

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufahamu tangu shule ya upili kwamba chemshabongo ni kipera cha fasihi simulizi. Huweza kuifafanua, kutaja sifa na dhima zake, kisha akapata alama katika mtihani. Ni nadra, hata hivyo, kuombwa afumbue fumbo moja hatua kwa hatua na kuthibitisha jibu lake. Makala haya yanafuata njia hiyo. Yanawasilisha vidokezo vinane vya mraba wa maneno vyenye mada moja, yaani Ziwa Victoria na mwambao wake kama unavyojulikana na mkazi wa Magunga, katika eneo la milima ya Gwassi, Kaunti ya Homa Bay. Hoja kuu ni kwamba fumbo lililotungwa kwa haki humfundisha msamiati hata yule asiyeujua, kwa kuwa jibu lake hufikiwa kwa njia mbili.

Mlango mmoja na milango miwili

Katika kitendawili, mtegaji ndiye hakimu. Akitega, "Nyumba yangu haina mlango," jibu linalotarajiwa ni yai. Atakayejibu "kaburi" hatakuwa amekosa mantiki, maana kaburi nalo halina mlango. Hata hivyo, ataambiwa amekosea na atadaiwa mji. Jibu limehifadhiwa katika mazoea ya jamii, na asiyelelewa katika mazoea hayo yu nje.

Jambo hili lina uzito Magunga. Mtoto wa huko hukua akisema Dholuo, na baadhi ya wazee wangali na Kisuba, lugha ya Kibantu iliyopoteza wasemaji wengi kwa Dholuo. Samaki wa ziwani anawajua vyema, lakini anawajua kama omena, mbuta na mumi. Vitendawili vya minazi na majahazi humkuta mgeni katika lugha anayotahiniwa.

Mraba wa maneno unaotambuliwa kuwa wa kwanza ulitungwa na Arthur Wynne na kuchapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Vidokezo vyake vilikuwa fasili za kawaida. Katika miaka ya 1920, Mwingereza Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, aliendeleza vidokezo vya kimafumbo. Mwaka 1966 D. S. Macnutt, aliyejulikana kama Ximenes, alitoa kitabu cha kanuni za sanaa hiyo. Kwa mujibu wake, kidokezo cha haki kina fasili sahihi ya jibu, mchezo wa maneno unaojenga jibu hilo, na hakina ziada. Hiyo ndiyo milango miwili. Anayeingia kwa mlango mmoja huhakikisha jibu lake kwa kutokea mlango wa pili, na hakimu huwa lugha yenyewe.

Asije mtu akadhani sanaa hii ni ngeni kwa Waswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, anasifika kwa mashairi ya mafumbo. Aidha, Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870, alionyesha mifano ya kinyume, yaani usemi wa siri ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa. Kwa utaratibu huo, "samaki" huwa "kisama". Ni muhimu kutambua kwamba wasemaji hao walicheza na silabi, si herufi.

Kwa nini silabi?

Katika mraba wa Kiingereza kila kisanduku hubeba herufi moja. Utaratibu huo una kasoro mbili unapotumiwa katika Kiswahili. Kwanza, maneno ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Kwa hiyo mfumbuaji akipewa herufi ya mwisho, amebakishiwa uwezekano wa irabu tano tu na hajasaidiwa sana. Pili, sauti kama "ng" na "mb" huzua swali iwapo zistahili kisanduku kimoja au viwili. Silabi huondoa matatizo yote mawili. Katika chemshabongo hii, basi, kila kisanduku hubeba silabi moja.

Vidokezo

Tarakimu iliyo katika mabano ni idadi ya silabi za jibu. Msomaji anashauriwa kuvijaribu kabla ya kuendelea na sehemu inayofuata.

1. Victoria na wenzake hutiwa katika chai (3)
2. Masika yaliyovurugika huleta windo la mvuvi (3)
3. Kuna ngalawa iliyoficha kizuizi chake cha majini (2)
4. Mwendo wa haraka kabla ya herufi ya kwanza: chombo cha kusukumia mtumbwi (3)
5. Dada kwa ufupi na nusu ya gaagaa: kitoweo kidogo cha kuanikwa juani (3)
6. Nusu ya sasa, kisha mtaa wa Nairobi: mgeni aliyemeza wenyeji (3)
7. Remba nusu ya kaka, kisha rudi kinyumenyume: mwenye masharubu majini (3)
8. Mwenye pembe Ruma, mwenye mabawa angani, na njia iliyochimbwa na mvua (3)

Ufumbuzi na maelezo

Kidokezo cha 1 ni cha fasili mbili. Victoria, Tanganyika na Nyasa ni maziwa. Kinachotiwa katika chai pia ni maziwa. Jibu ni MAZIWA. Mfumbuaji hana budi kukubali kwamba umbo moja hubeba maana zisizohusiana, jambo ambalo katika semantiki huitwa homonimia.

Kidokezo cha 2 kinatumia mpangilio upya wa herufi. Neno "yaliyovurugika" ni ishara kwamba herufi za "masika" zipanguliwe. Zikipangwa upya, bila kuongeza wala kupunguza, hutoa SAMAKI, ambao ndio windo la mvuvi. Hiki ndicho kidokezo pekee kinachovunja silabi. Kwa sababu hiyo ishara yake haina budi kuwa wazi.

Kidokezo cha 3 kimelificha jibu machoni pa msomaji. Maneno "kuna ngalawa" yakisomwa bila nafasi huwa "kunangalawa", na ndani yake imo NANGA. Kosa la kawaida hapa ni kuwaza chombo chenyewe na kusahau kutazama maandishi.

Katika kidokezo cha 4, mwendo wa haraka ni "kasi", na herufi ya kwanza ya alfabeti ni "a". Vikiunganishwa huwa KASIA. Neno "kabla" linaonyesha kipi kitangulie.

Kidokezo cha 5 kinaunganisha "da", ufupisho wa dada, na "gaa", nusu ya gaagaa. Jibu ni DAGAA. Kitenzi hiki hakikuokotwa ovyo: methali husema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mwanafunzi wa Magunga aliyemjua omena pekee sasa ameujenga mwenyewe mwenzake wa Kiswahili Sanifu.

Kidokezo cha 6 kinatoa "sa", nusu ya sasa, na Ngara, mtaa wa Nairobi. Jibu ni SANGARA, yaani mbuta. Fasili yake inahitaji historia: samaki huyu alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na ulafi wake ulichangia kutoweka kwa aina nyingi za fulu, hasa katika miaka ya 1980. Ikiwa mfumbuaji ni Mtanzania, haki ingedai "mtaa wa Nairobi" ibadilishwe kuwa "wilaya ya Kagera", kwa kuwa huko nako iko Ngara. Mtunzi lazima amjue anayemtungia.

Kidokezo cha 7 ndicho kinachodhihirisha zaidi hoja ya makala haya. "Remba" ikifuatwa na "ka", nusu ya kaka, hutoa "re-mba-ka". Silabi hizo zikisomwa kutoka mwisho huwa KAMBARE. Mwanafunzi anayemjua mumi na masharubu yake, lakini hajawahi kulisikia neno kambare, anaweza kulifikia bila kuuliza mtu. Kitendawili kisingempa nafasi hiyo.

Kidokezo cha 8 kina fasili tatu. Ruma, mbuga ya taifa iliyo katika Bonde la Lambwe, kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay, ndiyo makao ya pekee nchini Kenya ya mnyama aitwaye korongo. Korongo pia ni ndege mwenye miguu mirefu, na ni bonde jembamba lililochimbwa na maji. Jibu ni KORONGO.

Makutano ya maneno

Jibu huthibitishwa pia na majirani zake. SANGARA ikilazwa, NANGA husimama juu yake na kuishia katika silabi NGA. KAMBARE na KASIA huanzia kisanduku kimoja, KA. SAMAKI na MAZIWA hukutana katika MA. Aliyeipata NANGA ameshajua silabi ya kati ya samaki mlafi, msaada ambao irabu moja isingempa. Kinyume chake, DAGAA na KASIA zikikutanishwa katika A ya mwisho, msaada ni hafifu. Mtunzi mzuri huepuka makutano ya namna hiyo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mraba wa maneno wa Kiswahili unaweza kujengwa juu ya silabi, kama ilivyokuwa katika kinyume, na kwamba vidokezo vyake humlazimu mfumbuaji kutumia maarifa ya fonolojia, mofolojia na semantiki kwa pamoja. Mwalimu anayetaka kuitumia mbinu hii aanze na mazingira ya wanafunzi wake: walio Magunga watungiwe ziwa, walio Kericho chai, walio Lamu majahazi. Wakishafumbua, watunge vyao. Atakayetunga kidokezo cha "ngege" atalazimika kwanza kuchunguza iwapo Kiswahili kinamwita sato au perege, na wapi. Uchunguzi huo utamwingiza katika msamiati wa lugha hii kama mjenzi, wala hatakuwa tena mgeni anayengoja kudaiwa mji.