Peyrepertuse na Quéribus, Ngome za Mpaka Uliohama

Ukisimama Duilhac, kijiji kilicho chini ya mlima, unaweza kutazama juu kwa muda mrefu usiione ngome. Kuta zimejengwa kwa mawe ya mwamba uleule unaozibeba, na rangi ni moja. Kisha jicho linanasa dirisha, halafu pembe ya mnara, na ghafla unatambua kwamba mgongo wote wa mlima ni jengo lenye urefu wa mita 300 hivi, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ndiyo Peyrepertuse, katika milima ya Corbières, kusini mwa Ufaransa. Kwa Kioksitani, lugha ya wenyeji wa zamani, jina lake lina maana ya mwamba uliotobolewa.

Vibao vya barabarani vitakuambia kwamba umeingia nchi ya Wakatari. Hao walikuwa Wakristo walioyakataa mafundisho ya Kanisa Katoliki, na mwaka 1209 waliandamwa na vita vya msalaba vilivyotangazwa na Papa Innocent III. Ni kweli kwamba milima hii iliwapa hifadhi. Lakini ukipanda ukiwa na Wakatari peke yao kichwani, utayasoma mawe vibaya. Guillaume, bwana wa Peyrepertuse, alisalimu amri mbele ya jeshi la mfalme wa Ufaransa mwaka 1240, na sehemu kubwa ya unachokiona leo ilijengwa baada ya hapo, kwa amri ya mfalme huyo.

Mfalme Louis IX alikuwa akimtazama jirani yake wa kusini, James I wa Aragon. Mwaka 1258 wawili hao walikubaliana, kwa mkataba wa Corbeil, nani atawale wapi, na mpaka ukapita kusini kidogo tu ya hapa. Ngome tano zikapewa kazi ya kuulinda: Aguilar, Termes, Puilaurens, Quéribus na Peyrepertuse. Hadi leo huitwa wana watano wa Carcassonne, mji uliokuwa makao ya utawala wa mfalme upande huo. Kazi hiyo ilidumu miaka 401. Mwaka 1659, kwa mkataba wa Pyrenees, Ufaransa ilipata jimbo la Roussillon, mpaka ukahamia kwenye milima ya Pyrenees yenyewe, na ngome zikajikuta ndani ya nchi, hazina tena adui wa kumvizia. Kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuzijenga upya kwa ajili ya vita vya mizinga, umbo la kale la ngome kama Peyrepertuse na Quéribus halikufutwa.

Sasa kupanda. Tiketi hukatwa kwenye maegesho ya magari, kisha njia huzunguka mlima na kupita kwenye vichaka upande wa kaskazini, kivulini. Dakika 20 zinatosha kwa mtu asiye na haraka. Ukiingia, uko kwenye ngome ya chini, yenye kanisa dogo la Mtakatifu Maria na kuta zinazochongoka upande wa mashariki kama omo ya jahazi. Tafuta pia birika la maji ya mvua. Msafiri wa pwani ya kwetu, aliyezoea kuona mabirika kwenye magofu ya Gede au Kilwa, ataelewa upesi kwa nini juu ya mwamba mkavu birika lilikuwa na thamani kama ukuta.

Usiishie hapo, kama wafanyavyo wengi waliochoka. Ng'ambo ya ua, juu zaidi, iko ngome ya San Jordi, na njia ya kuifikia ni ngazi iliyochongwa kwenye mwamba kwa amri ya Louis IX mwaka 1242. Ina vidato 60 hivi, na kando yake ni genge. Mawe yameng'arishwa na nyayo za karne nyingi, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli inayoshika. Makubadhi yabaki garini. Mtoto mdogo mshike mkono muda wote.

Jambo la kuheshimu kuliko yote ni upepo. Sisi tunazijua kaskazi na kusi, pepo zenye majira yake. Tramontane ya huku hushuka kutoka kaskazini-magharibi wakati wowote wa mwaka, na juu ya kuta inaweza kumyumbisha mtu mzima. Ukivuma sana, au radi ikikaribia, ngome hufungwa, nawe usibishane na mlinzi. Nenda Aprili, Mei au Septemba. Kiangazi jua ni kali na watu ni wengi. Beba maji. Bila gari safari ni ngumu. Magari ya kukodi yanapatikana Perpignan na Carcassonne. Wenye pasipoti za Tanzania au Kenya wanahitaji viza ya Schengen.

Mchana kula Cucugnan, kijiji chenye kinu cha upepo kilicho kati ya ngome hizi mbili, kisha upande Quéribus, mita 728. Ni ndogo kuliko Peyrepertuse lakini ngumu zaidi kuisogelea, na ndiyo iliyoanguka mwisho, mwaka 1255. Chabert de Barbaira, aliyeishikilia, alikamatwa, akaitoa ngome ili aachiwe huru. Ndani ya mnara mkuu kuna ukumbi unaobebwa na nguzo moja, ambayo juu hutawanyika kama makuti ya mnazi. Kaa hapo kidogo upumue.

Halafu toka nje ukatazame kusini. Bonde la Maury liko miguuni, mashamba ya mizabibu yamepangwa safu kwa safu, na mbali zaidi unasimama mlima Canigou, wenye theluji hadi majira ya kuchipua. Mlinzi aliyekesha hapa siku za Louis IX, alipouona mlima huo, alikuwa anaiona nchi ya watu wengine.