Bwawa la Chumvi: Hesabu Uniti Kabla ya Pampu

Mwekezaji wa nyumba ya wageni Nkome anayetaka bwawa la kuogelea la maji ya chumvi asianze na bei ya pampu. Ziwa Victoria ni maji baridi, hivyo chumvi itanunuliwa: bwawa la lita 60,000, kwa gramu 4 kila lita, ni kilo 240. Hiyo ni gharama ndogo. Umeme ndio mzigo. Maji yote yakipita kwenye chujio kwa muda wa saa 6, inatosha pampu ya lita 10,000 kwa saa. Ikila kilowati 0.75, ni uniti 4.5 kwa siku. Ikiachwa usiku na mchana, uniti 18. Tofauti hiyo ndiyo inayolipia swichi ya saa. Nunua yenye betri, kwani umeme ukikatika isiyo na betri hupoteza majira. Izime pia kifaa cha klorini; kisiwake maji yakiwa yamesimama.