Kazi Kaloleni, chumba wapi?

SWALI: Nimepata kazi ya duka Kaloleni, Arusha. Kwa sasa nalala kwa dada yangu. Nimeona chumba cha bei nafuu kwa Mrombo, kingine Tengeru. Levolosi kodi ni kubwa. Nichague kipi?

JIBU: Usilinganishe kodi peke yake. Ukiunganisha magari mawili kwenda na mawili kurudi, kwa siku 26 za kazi unalipa nauli mara 104 kwa mwezi. Zidisha kwa nauli ya sasa, jumlisha na kodi, ndipo Levolosi ionekane bei yake halisi. Kutoka huko unafika Kaloleni kwa miguu. Mianzini nako ni hivyo hivyo, kagua tu maji na choo cha nje.

Tengeru ni mbali, lakini barabara ni ya njia nne hadi Sakina, hivyo hiace hazikwami sana. Angalizo: Jumatano na Jumamosi ni siku za soko, utabanwa na matenga ya nyanya na mikungu ya ndizi. Kwa Mrombo uliza kwanza chumba kiko umbali gani kutoka lami. Masika yakianza, bodaboda ya kukutoa ndani inapandisha bei au haiji kabisa.

Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, nenda ukasimame kwenye kituo cha karibu na chumba hicho saa 12:30 asubuhi, Jumatatu. Kama magari yanapita yamejaa, konda hata hakutazami, tafuta kwingine. Dada yako atakuvumilia wiki nyingine.